Pikapu Ikirudi Tupu

Kama umewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu ya abiria 14 ikiwa na watu watatu tu ndani, unajua nasema nini. Tuta dogo tu, kichwa kinagonga dari. Jioni gari hilo hilo likijaa mpaka konda ananing'inia mlangoni, linapita juu ya tuta hilo hilo na hata simu haikutoki mkononi. Dereva ni yule yule, springi ni zile zile. Kilichobadilika ni uzito.

Pikapu nayo ni hivyo, ila yake imezidi, na ubaya wake unajificha mpaka ufike kwenye kona. Kwenye barabara iliyonyooka itakurusharusha na utacheka. Kwenye kona hucheki. Nimelifikiria jambo hili sana mwaka huu kwa sababu lilibaki kidogo limtoe mjomba wangu kazini.

Mjomba ana miaka 67. Amebeba viazi na kabeji kutoka Njabini hadi Marikiti tangu kabla sijazaliwa. Alianza na pikapu ya Peugeot 504, ambayo hadi leo anaitaja kwa sauti ya chini kama marehemu, na sasa ana pikapu ya Kijapani ya tani moja iliyokwisha kula chumvi yake. Mimi ananiita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiniita hivyo mbele za watu wa Marikiti wanacheka kwanza, halafu wanaelewa.

Mwezi wa tatu binamu yangu, kifungua mimba wake, alinipigia simu. "Baba anasema ati gari inamtupa kwenye kona," akasema. "Gari haitupi mtu hivi hivi. Hayo ni macho, ama ni uzee. Nenda naye safari moja uniambie ukweli. Wewe huna ofisi, na shule uliacha."

Hiyo ya mwisho haikuwa na lazima, lakini haikuwa uongo pia. Nikauliza, nikisema hawezi, itakuwaje? Akaniambia wao watatu walishakubaliana. Pikapu itauzwa, na kila mwezi watamtumia mzee pesa ya kutosha kukaa nyumbani. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshaisikia hiyo mipango na alikuwa na jina lake: pesa ya kukaa. Alivyolitamka ungedhani ni jina la ugonjwa.

Kwa hiyo nikaenda.

Tulitoka Njabini saa saba usiku, magunia yamepangwa na kabeji zikiwa juu yake, turubai limefungwa kwa kamba ya mkonge. Tukaingia barabara kuu pale Flyover, tukashika njia ya Nairobi. Katika msitu wa Kinale kulikuwa na ukungu ule wa kawaida yao, ule ambao lori la mbele linakuwa taa mbili nyekundu zisizo na gari. Mjomba alikwenda mwendo wa 60, wakati mwingine 50. Pikapu ilikaa chini kama ng'ombe aliyeshiba. Ilipita kwenye mawimbi ya lami, kwenye viraka, kwenye kona, na nyuma ikafuata mbele bila maneno. Kitu kimoja nilikiona nikanyamaza: gari likija na taa za juu, Mjomba alikuwa anainama karibu na kioo na kupunguza mwendo mpaka lipite.

Kufikia saa mbili asubuhi mzigo ulikuwa umeisha, chai tumekunywa, na pikapu ilikuwa haina kitu nyuma isipokuwa turubai na majani ya kabeji. Tukapanda Waiyaki Way, Gitaru, Rironi, Limuru ikabaki nyuma. Jua limetoka, barabara kavu, mzee amechangamka ananisimulia habari za madalali. Tukarudi Kinale. Kuna kona moja ya kulia ambayo malori yameivuruga, lami imesukumwa ikafanya migongo mitatu minne iliyofuatana. Tulikuwa 80.

Nyuma iliruka, na iliruka kando. Ilikuwa kama mtu ameushika mkia wa gari, akauvuta nusu hatua kuelekea mtaroni, akauachilia. Kisha tena. Kisha tena. Mjomba hakukanyaga breki. Aliushika usukani pale pale ulipokuwa, akaondoa mguu kwenye mafuta polepole, na baada ya mgongo wa mwisho gari likatulia.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, Mjomba."

"Sasa hayo ni macho?"

Wiki iliyofuata nilisoma kila nilichoweza kusoma kuhusu sehemu ya nyuma ya pikapu, na nikawasumbua mafundi wawili watatu. Nitaeleza kwa lugha niliyoielewa mimi.

Mbele, kila tairi lina mikono yake. La kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Nyuma ni tofauti. Iwe Hilux, iwe D-Max, matairi mawili ya nyuma yameunganishwa na ekseli moja nzima, bomba zito la chuma lenye difu katikati, na ekseli hiyo imefungwa juu au chini ya springi za mabamba, yale mabamba marefu yaliyopinda na kupangwa kama chapati. Ni muundo wa zamani sana, na haujaachwa kwa sababu unafanya kazi: unabeba, unavumilia, na ukivunjika Njabini kuna mtu wa kuutengeneza Njabini.

Lakini springi za kubeba tani moja lazima ziwe ngumu. Zikiwa na tani yake juu, zinapinda na kurudi vizuri, na ile safari ya kwenda Marikiti inakuwa laini. Ondoa tani hiyo. Injini iko mbele, kwa hiyo uzito mwingi uliobaki uko mbele, na nyuma kuna bodi tupu, bati tu. Sasa hakuna cha kuzilazimisha springi zipinde. Tuta likija, springi hazilimezi. Zinalipitisha lilivyo, na mkia mzima wa gari unarushwa juu. Ongeza kwamba ekseli yenyewe ni nzito. Ikishapigwa ikaruka, inachukua muda kurudi chini, na kwa sababu ni kipande kimoja, tairi moja likirushwa linalipindua kidogo na la pili. Kazi ya shoku ni kuizuia ekseli isiendelee kucheza baada ya pigo la kwanza. Watu wengi hudhani shoku ndiyo inabeba gari. Haibebi. Inatuliza.

Hayo yote yako hata kwenye barabara iliyonyooka. Sasa kona.

Ukiwa unaenda moja kwa moja, tairi la nyuma lina kazi ndogo: kubeba na kusukuma. Likiachana na lami kwa muda mfupi tu, hakuna atakayejua zaidi ya mgongo wako. Kwenye kona tairi limepewa kazi nyingine. Gari linataka kuendelea mbele kwenda msituni, na matairi ndiyo yanayolivuta lirudi ndani ya kona. Tairi linashika barabara kwa sababu linakandamizwa juu yake. Likikandamizwa sana linashika sana, likiwa jepesi linashika kidogo, na likiwa hewani halishiki kitu. Kwa hiyo mgongo wa kwanza unapolirusha, mshiko unapotea ghafla na mkia unaanza kuteleza nje. Linapotua, mshiko unarudi wote kwa mara moja, na mkia unakamatwa kwa kishindo. Ule mvuto na kuachiliwa niliousikia kwenye kiti ndio huo. Ikiwa migongo imefuatana, pikapu inatembea kwenda nje hatua kwa hatua, kama kaa.

Kuna jambo la pili ambalo mimi sikulitarajia. Zile springi za mabamba hazikai pale kwa kubeba tu. Ndizo pia zinazoishikilia ekseli mahali pake. Mara nyingi hakuna mkono mwingine. Bamba lililopinda likikandamizwa linanyooka, na likinyooka linarefuka kidogo, ndiyo maana upande mmoja wa springi umefungwa kwenye kiungo kinachobembea. Kwenye kona, springi ya upande wa nje inakandamizwa na ya ndani inaachiliwa. Ekseli basi haikai tena sawa kabisa na mbele ya gari. Inageuka kidogo, kidogo sana. Lakini tuta likipiga hapo hapo, inageuka na kurudi haraka. Matairi ya nyuma yanajipigia kona yao wenyewe, na hakuna aliyeyauliza. Bushi za springi zikiwa zimekwisha, hiyo ruhusa inaongezeka.

Na mwendo. Nguvu inayohitajika kulivuta gari ndani ya kona haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 65 hadi 80 unaona ni kilomita 15 tu kwenye mshale. Matairi yanaombwa nguvu zaidi kwa karibu nusu ya ile ya kwanza, kwenye kona ile ile. Ndiyo maana watu husema pikapu "ilikuwa sawa tu, halafu ghafla". Haikuwa ghafla. Ilikuwa imebakiza akiba ndogo, na tuta likaimaliza.

Nilimpigia binamu nikamweleza haya. Akanisikiliza, halafu akasema kitu ambacho ndicho kilikuwa kiini cha kesi yake: "Lakini mimi hiyo kona naijua. Napita hapo kila nikienda ushago, na 90, na sisikii kitu."

Anaendesha Subaru. Nyuma ya Subaru yake kila tairi linajitegemea, springi ni laini kwa sababu zilipimwa kwa watu na mabegi, na gari likiwa na mtu mmoja ama watano tofauti yake si kubwa. Kwa pikapu tofauti kati ya kujaa na kuwa tupu ni tani nzima. Yeye na baba yake walikuwa wanapita barabara moja na hawaizungumzii barabara moja. Alinyamaza kidogo akasema, sawa, basi ipelekwe kwa fundi, lakini na yeye aende kwa daktari wa macho. Sikuona la kubishana hapo. Nilikumbuka zile taa za usiku.

Fundi tulimpata Kirinyaga Road, pale ambapo ukisimama dakika mbili watu wanne watakuuliza gari yako inataka nini. Huyu hakuuliza. Alilala chini na tochi ya simu, akakaa huko muda mrefu hata Mjomba akaanza kukohoa.

"Mzee," sauti ikatoka chini, "ukirudi kutoka soko unabeba nini?"

"Hewa," Mjomba akasema.

"Basi hewa ndiyo inakusumbua. Hii gari mliifanya lori."

Alitoka akatuonyesha. Kwanza shoku za nyuma: zote mbili zilikuwa zimetapika mafuta hadi chini, vumbi limegandia juu yake. Pili bushi, aliingiza mtaimbo kwenye sikio la springi akasukuma, na springi ikasogea kando huku tukiangalia. Tatu upepo. Matairi ya nyuma yalikuwa na 50, kwa sababu Mjomba huyajaza siku ya mzigo na hakuna anayeyapunguza siku hiyo hiyo akirudi. Kibandiko kwenye mlango wa dereva kinataja upepo mwingine kwa gari tupu, chini ya hapo sana, lakini kibandiko hicho kilikuwa nyuma ya kalenda ya kanisa. Tairi lililojaa hivyo bila mzigo linakuwa gumu kama gurudumu la mkokoteni. Linadunda.

Na nne, ambayo fundi aliiacha ya mwisho makusudi, ni bamba moja nene katika kila springi ambalo halikutoka kiwandani. Liliongezwa miaka mingi iliyopita ili pikapu isiketi chini ikibeba.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu lumbesa, kwa wale ambao viazi wanaviona vikiwa chips. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisipite kilo 50. Lumbesa ni lile gunia linaloongezwa kichwa, linajazwa likipita mdomo wake na kushonewa wavu juu, na mkulima analipwa kama gunia moja. Kila mtu njiani anajua, kila mtu anabeba. Pikapu ya tani moja inayobeba lumbesa haibebi tani moja. Kwa hiyo unaenda kwa fundi, unaongezewa bamba, na gari linanyanyuka mkia vizuri. Hilo bamba nalo ni lumbesa, lumbesa ya chuma. Linasaidia saa mbili za kwenda na linakudai saa mbili za kurudi.

Fundi alisema anaweza kubadilisha shoku na bushi na kuacha bamba, lakini atakuwa anakula pesa yetu. Bamba likitoka, Mjomba atapunguza magunia. Mzee alitoa simu akaanza kupiga hesabu, magunia mangapi kwa safari, safari ngapi kwa wiki, na nikiwa karibu naye niliona anapiga mara tatu, kama vile jibu litabadilika. Kisha akaniambia anaenda kunywa chai. Aliondoka peke yake. Alirudi baada ya kama nusu saa, hakuniangalia, akamwambia fundi, "Toa."

Nisikudanganye, pikapu haikugeuka kuwa Subaru. Tulivyorudi siku ile, kwenye kona ile, kwa 65, nyuma bado iliruka. Lakini iliruka mara moja, ikatua, ikabaki kwenye njia yake. Hakuna fundi wa Kirinyaga Road atakayekuondolea ekseli nzima na springi za kubebea viazi. Kinachobaki ni kuendesha kwa kuijua. Mjomba anamaliza kupunguza mwendo kabla ya kona, kwa sababu ukikanyaga breki katikati uzito unakimbilia mbele na mkia, ambao tayari ni mwepesi, unakuwa mwepesi zaidi. Akishaingia anagusa mafuta kidogo tu, na mikono haifanyi haraka. Hayo alikuwa anayafanya zamani bila kuyasemea. Nilipomwambia vitabuni wameandika hivyo hivyo, aliuliza kama waandishi wake wamewahi kubeba kabeji.

Kitu kipya ni uzito wa kurudi nao. Watu wengine huweka mawe nyuma, jambo ambalo fundi alilipinga vikali: siku ya breki ya ghafla jiwe linakuja kukusalimia shingoni. Mzigo uwe umefungwa, na uwe mbele ya ekseli ama juu yake, usiachwe kule kwenye mlango wa nyuma ambako unauvuta mkia nje kama mtoto anayebembea. Magunia manne matano yanatosha kuzikumbusha springi kazi yake.

Daktari wa macho alikuta mtoto wa jicho umeanza kwenye jicho la kushoto. Mchana hausumbui sana. Usiku, taa zikija, unasumbua. Binamu alisema "niliwaambia" mara moja tu, na nampongeza kwa hilo.

Jumapili moja tukakaa Njabini, watoto wake watatu, shangazi, na mimi nikiwa kama shahidi. Ilichukua mchana mzima. Wa pili alitaka pikapu iuzwe hata hivyo. Shangazi akauliza ikiuzwa, mzee ataamka saa saba usiku aende wapi, kwa sababu kuamka ataamka tu. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yake, halafu akasema: "Kushuka ni kwa macho. Kurudi ni kwa makalio. Macho nikopesheni ya mtu mwingine, makalio bado ninayo." Hata binamu alicheka, ingawa aliziba mdomo.

Ndivyo ilivyo sasa. Kuna kijana wa jirani anayeendesha usiku wakienda, gari likiwa limejaa na limetulia, Mjomba akiwa kiti cha kando akimwambia punguza. Asubuhi wanabadilishana viti pale Marikiti. Upepo unapunguzwa kabla ya kuondoka. Upasuaji wa jicho umepangwa Agosti. Na kila safari wanapitia duka moja la vyakula vya mifugo, wanapakia magunia matano ya chakula cha kuku, wanayafunga nyuma ya kichwa cha gari, juu kidogo mbele ya ekseli. Kijana aliuliza ya nini, maana kwa mzee hakuna hata kifaranga. Sasa yamejaa stoo, na Mjomba ameanza kuwauzia majirani kwa kipimo, na shangazi amefungua daftari la deni.